Joseph Lister, mganga aliyeshika sheria moja kwa kila mgonjwa

Wengi wetu tumemsindikiza ndugu hadi mlango wa chumba cha upasuaji, kisha tukabaki nje tukiomba. Leo tunamkumbuka mtu aliyepunguza hofu ya mlango ule.

Joseph Lister alizaliwa Uingereza tarehe 5 Aprili 1827, katika familia ya Wakristo waitwao Quaker. Baba yake alitengeneza mikroskopi bora, hivyo mtoto alizoea mapema kuchunguza vitu visivyoonekana kwa macho.

Alipotumika hospitalini Glasgow, waganga walipasua wakiwa na makoti yenye damu iliyokauka. Upasuaji ulikwenda vizuri, kisha kidonda kikaoza. Kati ya wagonjwa wake 35 waliokatwa viungo miaka ya 1864 na 1866, walikufa 16.

Lister alisoma kazi za Louis Pasteur juu ya vijidudu vinavyoozesha. Mwezi wa Agosti 1865 aliletewa mtoto wa miaka 11, James Greenlees, aliyevunjwa mguu na gurudumu la gari la farasi. Alifunika kidonda kwa asidi ya kaboliki. Kidonda hakikuoza, na mtoto akapona na mguu wake.

Tangu hapo aliagiza mikono, vyombo na bandeji vioshwe kwa dawa, kwa kila mgonjwa, bila kuchagua. Kati ya 40 waliokatwa viungo baadaye, walikufa 6. Wenzake wengi walimpinga. Naye alipotambua kwamba kupuliza dawa hewani hakukuwa na faida, mwaka 1890 alikiri kosa lake mbele ya waganga wenzake. Alifariki tarehe 10 Februari 1912.

Mwaka 2008 OMS ilitoa orodha ya usalama wa upasuaji, yenye mambo 19. Timu husimama mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka. Lakini sisi tumeona orodha ikijazwa jioni, mgonjwa akiwa amekwisha rudishwa kitandani. Karatasi ya namna hiyo haimlindi mtu.

Tunaomba waganga wakuu wa hospitali zetu wafanye mambo mawili: orodha isomwe kwa sauti, wote wakisikiliza, na muuguzi mdogo kabisa awe na ruhusa ya kusimamisha kazi akiona kosa, bila kuogopa kukaripiwa. Aliye mezani amelala, hawezi kujisemea.