Siti binti Saad: muuza vyungu aliyesikika Afrika Mashariki nzima



Ukiulizwa leo una kipaji gani, huenda utajibu kwamba huna. Labda hukumaliza shule, au vyeti vyako vilibaki nyumbani siku uliyokimbia. Kabla hujajibu hivyo, soma kwanza maisha ya Siti binti Saad wa Zanzibar. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini jina lake linatajwa hadi leo, zaidi ya miaka 70 baada ya kifo chake.

Siti alizaliwa mnamo miaka ya 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Wazazi wake walikuwa na asili ya bara, na walikuwa maskini. Yeye mwenyewe utotoni aliitwa Mtumwa. Wakati huo utumwa ulikuwa bado halali Zanzibar. Ulifutwa kisheria mwaka 1897. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baadaye.

Kazi ya familia ilikuwa ufinyanzi. Unajua methali isemayo mfinyanzi hulia gaeni: anayetengeneza chungu kizuri hula kwenye kigae. Ndivyo walivyoishi. Siti alibeba vyungu kichwani, akavipeleka mjini kuviuza, na njiani alinadi bidhaa yake kwa kuimba. Watu walimsikia kabla hawajamwona. Wateja hao hawakujua kwamba wao ndio waliokuwa wa kwanza kukitambua kipaji chake. Walijua tu kwamba muuza vyungu yule ana sauti nzuri.

Mwaka 1911 alihamia mjini kutafuta maisha. Huko alikutana na mwanamuziki Ali Muhsin, aliyemfundisha kuimba kwa mpangilio na kupiga ala za muziki, kisha akamwingiza katika kundi la wanamuziki wenzake. Hapa tusipite haraka. Wengi walikuwa wameisikia sauti ile na kuendelea na safari zao. Huyu alisimama, akampa muda wake na ujuzi wake. Kumtambua mwenzako na kumfundisha ni kipaji pia, ingawa mwenye nacho mara nyingi hasifiwi.

Kwa kuwa hakusoma, Siti alijifunza mashairi kwa kusikiliza na kuyashika kichwani. Mtihani wa karatasi usingeonyesha uwezo huo, lakini usiku wa ngoma kila mtu aliuona.

Kipaji chake kingine kilikuwa ujasiri. Taarabu ya siku zile ilikuwa burudani ya kasri la Sultani, iliyoimbwa kwa Kiarabu, na wanawake hawakuzoeleka kuimba hadharani. Siti aliimba kwa Kiswahili, lugha ya wapishi, wachukuzi na wauza samaki. Aliimba habari za mitaani kwao. Wimbo wake kuhusu Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, ambapo mtuhumiwa alitoroka na mahakama ikawaadhibu wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu. Wanyonge walisikia dhuluma yao ikitajwa mbele ya watu.

Si wote waliofurahi. Walikuwepo waliomcheka kwa nyimbo: sura yake, ushamba wake, mavazi aliyokuja nayo mjini. Lakini hata katika kejeli zao walikubali kwamba sauti anayo. Naye aliwajibu kwa wimbo, akawaambia kwamba sura peke yake haitoshi.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri kwa meli hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Santuri zake zilipigwa kwenye mikahawa na majumbani, visiwani na bara. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Mwandishi Shaaban Robert aliandika kitabu cha maisha yake, na Bi Kidude, aliyejifunza nyimbo zake kwa kumsikiliza, aliziimba hadi uzeeni.

Msomaji, hebu tazama ulipo. Jirani yako anatengeneza redio ambayo wengine wameshaitupa. Mama fulani bombani anapatanisha wanaogombania foleni, na watu wanamtii. Kijana anazungumza lugha nne na ndiye anayewasaidia wagonjwa kueleweka zahanati. Binti anauza maandazi na hakosei hesabu, ingawa shuleni alama zake ni za chini. Hakuna aliyewaambia kwamba hivyo ni vipaji.

Kama uko kambini au wewe ni mwenyeji wa kijiji cha jirani, unaweza kuanza leo. Mwambie mtu huyo kile unachokiona. Mpeleke kwa fundi, mwalimu au kiongozi wa vijana anayeweza kumwongoza. Kama ni wewe mwenye ujuzi, mpe nafasi ya kukaa pembeni yako na kujifunza. Usingoje awe wa kabila lako au wa upande wako wa barabara. Siti alikuwa mgeni mjini, na mji ule ule uliomcheka ndio uliomfundisha na kununua santuri zake.