Rwagasore na tarehe 18 Septemba

Kila tarehe 13 Oktoba nchi yetu humkumbuka Mwanamfalme Louis Rwagasore, kwa sababu ndiyo siku aliyouawa. Mimi huikumbuka zaidi tarehe 18 Septemba, siku aliyoshinda.

Alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, mwana wa Mwami Mwambutsa. Alikuwa Mkatoliki, akasoma Astrida kisha Ubelgiji. Aliporudi alijiunga na wafanyabiashara wadogo, akawaanzishia ushirika mwaka 1957. Usumbura ya wakati ule iligawanywa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi na Waarabu hapa Asiatique (jina lenyewe linasema), Waafrika Buyenzi na mitaa jirani. Yeye alikaa na Waswahili wa Buyenzi, Waislamu ambao serikali ya Kibelgiji iliwatilia shaka, nao wakawa nguzo ya chama chake cha UPRONA mjini.

Mwishoni mwa 1960 Wabelgiji walimzuilia Bururi, na uchaguzi wa komini ukapita bila yeye. Umoja wa Mataifa ukashikilia kwamba uchaguzi wa Bunge uwe na waangalizi wake. Ukafanyika tarehe 18 Septemba 1961, na UPRONA ikapata viti 58 kati ya 64.

Usiku wa kuamkia siku hiyohiyo, Katibu Mkuu wa umoja huo, Dag Hammarskjöld, alikufa karibu na Ndola ndege yake ilipoanguka, akiwa safarini kutafuta amani ya Katanga. Warundi walikwenda kupiga kura yeye ameshakufa.

Wapo wenzetu wanaouliza Mkatoliki anatuhusu nini. Wafungue sira wamsome Mut'im bin Adiy. Hakusilimu, lakini alimpa Mtume (s.a.w.) ulinzi aliporudi kutoka Taif, na baada ya Badr Mtume aliutaja wema wake, kwamba angekuwa hai akawaombea mateka, wangeachiwa. Anayesimama na wanyonge ana haki ya kutajwa.

Siku 25 baada ya ushindi, akiwa waziri mkuu kwa wiki mbili hivi, Rwagasore alipigwa risasi akila chakula cha jioni katika hoteli moja mjini. Alikuwa na miaka 29. Aliyefyatua risasi, Mgiriki Kageorgis, alitekelezewa hukumu ya kifo tarehe 30 Juni 1962. Kesho yake Burundi ikawa huru.