Sembène Ousmane, mubeba mizigo aliyefanya sinema

Leo tuseme juu ya mufanyakazi mwenzetu wa Senegal.

Sembène Ousmane alizaliwa mu 1923 kule Ziguinchor, mutoto wa muvuvi wa samaki. Masomo hakumaliza, walimufukuza. Akashika kazi za mikono, akajenga nyumba za watu. Mu wakati wa vita, Wafaransa wakamuingiza mu jeshi lao. Kisha akavuka bahari, akabeba mizigo ku bandari ya Marseille. Kule njo aliingia mu sendika ya CGT. Akaumia mugongo vibaya ku kazi. Lakini alikuwa anajisomea vitabu, na mu 1956 akatoa cha kwake. Mu 1960 akaandika kingine juu ya greve kubwa ya wafanyakazi wa treni ya Dakar-Niger, ya 1947 mupaka 1948.

Sasa akaona shida. Aliandika mu Kifaransa, na wafanyakazi wengi wa kwao hawakusoma Kifaransa. Vitabu vyake viliwapita. Basi, karibu na miaka 40, akarudia masomo: akaenda Moscow kujifunza sinema.

Mu 1968 akatoa filme Mandabi, yenye aliandika na kuongoza yeye mwenyewe. Watu wanasema Kiwolof, luga ya nyumbani. Ibrahima Dieng, baba wa wake wawili, hana kazi. Mutoto wa dada yake anafagia njia za Paris, anamutumia karatasi ya posta ya franka 25.000, na sehemu kubwa ni ya kumuchungia. Mbele ya kushika feza, nyumba inakula deni ku duka. Posta wanaomba kitambulisho. Kwa kitambulisho, wanaomba karatasi ya kuzaliwa. Dieng anatembea ofisi kwa ofisi, kila mutu anamula kidogo. Mwisho ndugu moja mwenye masomo anamuambia atie saini, atamusaidia. Anatoa feza, anasema wezi wamemunyanganya. Dieng anabaki na muchele tu.

Utacheka, kisha utanyamaza. Mu sendika tunaona Dieng kila mara: mujane wa muchimbaji ana haki ya feza, karatasi moja inakosa, na mutu wa kujua Kifaransa anakuja na kalamu. Sembène hakumucheka Dieng. Alionyesha tu namna wanamula.

Serikali ya kwao haikumupenda kila wakati. Filme yake Ceddo, ya 1977, ilikatazwa. Walisema ni juu ya herufi d mbili. Hakufuta hata moja. Alikufa Dakar tarehe 9 Juni 2007, akiwa na miaka zaidi ya 80.

Ukipata Mandabi, ita muke na watoto, muangalie pamoja. Na kesho wakikuletea karatasi, usitie saini mbele hawajakuelezea yote mu luga yenye unasikia.