Nargis: mama wa sinema aliyeokolewa motoni na "mwanawe"

Nargis alizaliwa Calcutta, India, tarehe 1 Juni 1929, kwa jina la Fatima Rashid. Mama yake, Jaddanbai, alikuwa mwimbaji, naye ndiye aliyemwingiza katika sinema akiwa bado mtoto mdogo.

Alicheza filamu nyingi na Raj Kapoor, lakini iliyomweka midomoni mwa watu ni Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka wa 1957. Humo yeye ni Radha, mke wa mkulima aliyenaswa na deni la rupia 500: kila mavuno, robo tatu zinaenda kwa mkopeshaji. Mume anapoteza mikono, anatoroka kwa aibu. Radha anajifunga jembe la ng'ombe mabegani na kulima. Mwanawe Birju anageuka jambazi, anamteka binti wa mkopeshaji, na mama huyo huyo anampiga risasi, kisha anampakata akilia. Nargis hakuwa hata na miaka 30, lakini uzee wa Radha unamwonekana katika mwendo kabla ya mvi.

Siku moja ya kupiga picha, moto wa nyasi ulimzunguka kweli. Aliyejitupa ndani kumtoa ni Sunil Dutt, yule Birju mwenyewe, aliyezaliwa siku tano tu baada yake! Aliungua, Nargis akamuuguza, na Machi 1958 wakaoana.

Kansa ilimuua tarehe 3 Mei 1981. Siku chache baadaye, filamu ya kwanza ya mtoto wao Sanjay ilionyeshwa. Kiti kimoja kiliachwa wazi ukumbini, cha mama.