Muuza Vyungu Aliyejifunza Ukubwani

Msafiri atokaye Mji Mkongwe wa Unguja kwenda mashamba hufika Kizimbani, mahali penye sifa ya karafuu. Huko Kizimbani na Mtoni ndiko Saleh bin Haramil alikopanda mikarafuu mwanzoni mwa karne ya 19, na baadaye mashamba yake yakatwaliwa na Seyyid Said. Majina ya wenye mashamba twayasoma vitabuni. Lakini majina ya watumwa walioletwa kutoka bara, wakalima, wakapalilia na kuchuma, yamepotea pamoja na jasho lao. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mtu aliyetoka katika jamaa za watu wa hali hiyo, ambaye jina lake halikupotea. Naye ni Siti binti Saad.

Alizaliwa Fumba, kijiji kilicho kusini ya mji, yapata mwaka 1880. Asili ya baba yake ilikuwa Unyamwezi, na ya mama yake Uzigua. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, hata kila aliyemwita alimkumbusha hali ya wazee wake. Hakupelekwa shule, wala chuoni kusoma Kurani kama watoto wengine wa Kiislamu. Kazi aliyoikuta nyumbani ilikuwa ufinyanzi, nayo akaifanya. Alijitwika vyungu kichwani akavitembeza kwa wanunuzi, akiimba ili watu wajue kwamba muuza vyungu anapita. Faida ya kazi hiyo ilikuwa ndogo, nao uchovu wake ulikuwa mwingi.

Tarehe 6 Aprili 1897 ilitolewa amri ya kuondoa utumwa katika sheria za Unguja. Siti alikuwa msichana wa miaka kumi na saba hivi. Hata hivyo amri ile haikumpa mtu shamba, wala haikumpa ujira wa kumtosha. Wengi waliokuwa watumwa walibaki katika mashamba ya mabwana wao wa zamani, wakaruhusiwa kujenga kibanda na kupanda muhogo, kwa sharti la kufanya kazi ya mwenye shamba siku kadhaa za juma. Vibarua wa Kinyamwezi na wengine wa bara walivuka bahari kuja kupalilia mikarafuu. Wengine walihamia mjini wakawa wapagazi, madobi, wapishi na watumishi wa nyumbani, wakakaa Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenga nyumba za mawe na vibanda vya makuti. Katika mkondo huo wa wahamiaji, mwaka 1911, Siti naye aliingia mjini. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, hana elimu wala mali.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji atulie kidogo. Mtu wa umri huo, tena mwanamke, tena wa asili ya utumwa, nani angalidhani kwamba afaa kufundishwa? Lakini alikuwapo mtu mmoja, Ali Muhsin, wa chama cha muziki cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, aliyeisikia sauti yake akaona kipaji ndani yake. Akamfundisha kuimba na kupiga ala, akamjulisha na wanamuziki wengine. Mwanafunzi huyo mtu mzima hakuona haya kuanza mwanzo. Alijifunza hata kuimba kwa Kiarabu, lugha ambayo taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwayo. Kisha akaiimba taarabu kwa Kiswahili, ili mpagazi na mpishi nao waielewe.

Walikuwapo waliomwonea kijicho. Walimtungia wimbo wa dharau, wakimkumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini. Naye hakujibu kwa matusi. Aliimba kwamba uzuri wa sura na ukuu wa ukoo si hoja, na kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hata Bombay, Bara Hindi, wakaimba katika sahani za santuri za kampuni ya HMV. Sahani hizo zikaenea pwani yote ya Afrika Mashariki. Nyimbo zake hazikuwasahau wanyonge. Mmoja ulio mashuhuri wasimulia habari za mwanamke mgeni kutoka bara aliyeuawa Unguja. Muuaji akatoroka, na adhabu ikawaangukia waliokuja kutoa ushahidi. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, baada ya kumsimulia Shaaban Robert maisha yake, naye akayaandika kitabu. Aliyeitwa Mtumwa alizikwa akiitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Msomaji asistaajabu kuona gazeti la Kanisa likimsifu mwimbaji Mwislamu. Vipaji vyatoka kwa Mungu mmoja, na Bwana wetu alitufundisha katika mfano wa talanta kwamba si halali kuvifukia. Tena katika mfano wa shamba la mizabibu, mwenye shamba alitoka hata saa ya kumi na moja, akawaita waliosimama bila kazi, wala hakuwaambia kwamba wamechelewa. Papa Leo wa 13, katika barua yake ya mwaka 1891, alifundisha kwamba ujira hauna budi kumtosha mfanyakazi aishi kama mtu. Na kuishi kama mtu ni pamoja na kupata nafasi ya kujifunza. Nchini mwetu Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Huko Kizimbani, walikolima watumwa, leo hufundishwa kilimo kwa vitabu.

Basi, enyi wazazi, tuangalie nyumba zetu. Msichana aliyetoka kijijini kutupikia na kutulelea watoto, kijana atuchungiaye ng'ombe, kibarua achimbaye msingi wa nyumba yetu, je, tumewahi kuwauliza kama wajua kusoma, na wangependa kujifunza nini? Au twawapa ujira mdogo, twawafanyisha kazi tangu alfajiri hata usiku, kisha twasema hawana akili? Mtume Yakobo ametuonya kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele mbele ya Mungu. Twadhani kwamba saa ya kujifunza iliyozuiliwa nayo hupiga kelele vilevile.

Tuwalipe haki yao kwa wakati. Tuwape saa moja ya jioni, na daftari, na ruhusa ya kwenda darasani kama lipo parokiani au shuleni jirani. Na kama halipo, mtoto wetu aliyesoma aketi nao awafundishe. Na wewe uliye mtu mzima, uonaye haya kushika kalamu mbele ya wajukuu, mkumbuke muuza vyungu wa Fumba. Alianza akiwa na miaka thelathini, wala hakuchelewa.