Daktari Atiman: Aliyebaki Karema Miaka 67



Leo nawaletea maisha ya Adrian Atiman, daktari na katekista wa Karema. Najua wengi wetu tunalijua jina tu. Kule Sumbawanga kuna hospitali inayoitwa kwa jina lake, na hapa Dar es Salaam Wamisionari wa Afrika wana nyumba inayoitwa Atiman House. Hata mimi nilikuwa nalijua hivyo hivyo, jina la kwenye kibao, mpaka mguu wa mtu mmoja uliponifanya nimtafute.

Nauza vitenge Kariakoo, dukani kwa mama mdogo. Mwaka jana, asubuhi moja, bodaboda ilimgonga kaka mmoja msukuma mkokoteni ambaye ndiye aliyekuwa akituletea marobota yetu. Mguu ukavunjika. Siku ile, kusema kweli, tulikuwa watu. Mama ntilie akavua khanga akamfunika, dereva wa bajaji akakubali kumbeba bila kuuliza nani atalipa, kijana mwingine akakimbia polisi kutafuta PF3. Jioni tukachangishana kwenye grupu la WhatsApp. Nami nikachanga, nikaweka na picha kwenye status.

Wiki ya kwanza nilienda wodini na machungwa. Wiki ya pili nikasema nitaenda. Ya tatu sikusema kitu.

Ilipita miezi mitano. Siku hiyo natoka Misa ya asubuhi pale Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, namwona amesimama nje kwenye magongo. Akanisalimia kwa furaha, akauliza kama mama mdogo hajambo na kama biashara inakwenda. Hakunilaumu hata kidogo. Jamani, afadhali angenilaumu! Nilirudi Kariakoo kwa miguu nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilipomsimulia katekista wetu, hakunihubiria. Aliniambia tu nikasome habari za Atiman.

Basi nikasoma.

Adrian Atiman alizaliwa miaka ya 1860 kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto mdogo aliibwa na wafanyabiashara wa watumwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria. Hebu fikiria mtoto wa umri wa mafundisho ya Komunyo ya kwanza, anatembea mchangani siku baada ya siku, kila hatua inamweka mbali na mama yake. Kwa hiyo kabla ya kuwa daktari wa wahanga, Atiman mwenyewe alikuwa mhanga.

Huko Algeria mmisionari mmoja wa White Fathers alimnunua ili awe huru. Ilikuwa mwaka 1876. Tendo lile lingeweza kuishia hapo: fedha zimelipwa, kamba imefunguliwa, kila mtu ashike njia yake. Lakini hawakumwacha. Walimtunza, wakamsomesha, na baadaye akabatizwa.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa na mpango wake. Aliona kwamba Afrika itahudumiwa vizuri zaidi na Waafrika wenyewe, tena watu wenye elimu ya kutibu mwili na imani ya kuilisha roho. Mwaka 1881 vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani, Atiman akiwa mmoja wao, walipelekwa kisiwani Malta kusomea udaktari. Walitakiwa wawe madaktari makatekista. Atiman alimaliza masomo mwaka 1888, na mwaka huo huo akapanda meli kuja huku kwetu.

Alifika pwani yetu, kisha akaingia bara kwa miguu pamoja na msafara. Mwaka 1889 akafika Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo leo ni Mkoa wa Katavi. Wabelgiji walikuwa wamejenga kituo pale mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawaachia wamisionari. Ilikuwa nchi yenye hofu. Misafara ya watumwa ilikuwa bado inapita kandokando ya ziwa, vijiji vinavamiwa, watu wanafika misheni wakiwa na majeraha, njaa na watoto wasio na wazazi. Angalia Mungu alivyompanga: yule mtoto aliyeibwa sasa ndiye anayewafunga vidonda wenzake walioibwa.

Atiman angeweza kufanya kazi miaka michache kisha aombe kurudi kwao Niger, au akaishi mjini penye raha. Nani angemlaumu? Yeye akaoa palepale. Mke wake aliitwa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa chifu wa Wabende. Mtoto wao Joseph akawa padre mwaka 1923. Kwa maneno mengine, Karema pakawa kwao.

Na akabaki. Wajerumani wakaja wakatawala, yeye yupo. Ugonjwa wa malale ukaitikisa mwambao wa ziwa mwanzoni mwa karne ya 20, yeye yupo. Vita ya Kwanza ya Dunia ikaingia mpaka ziwani, meli zikapigana. Ile meli ya Kijerumani iliyozamishwa mwaka 1916 na baadaye kuibuliwa ndiyo MV Liemba tunayoijua. Mwingereza akaja, yeye bado yupo, anatibu asubuhi, anafundisha katekisimu. Alikuwa na dawa za Kizungu alizosomea, lakini hakudharau mitishamba ya wenyeji. Uzeeni aliandika mwenyewe habari za maisha yake, zikachapishwa mwaka 1946. Alifariki mwaka 1956, akiwa amekaa Karema miaka 67.

Miaka 67, wapendwa. Mimi nilimaliza wiki moja.

Sisemi kwamba watu wa Kariakoo hatuna huruma. Tunayo, tena nyingi. Jumamosi ile ya tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka hapa kwetu, nani alisubiri kuambiwa? Wamachinga na wenye maduka walichimbua kifusi kwa mikono kabla mashine kubwa hazijafanya kazi yake. Watu waliofukiwa walikuwa wanapiga simu kutoka chini. Zaidi ya watu 80 waliokolewa, na si chini ya 20 walifariki. Siku zile mji mzima ulikuwa unaomba kwa pamoja, Wakristo na Waislamu. Lakini baada ya mwezi mmoja maduka yamefunguliwa, spika zinatangaza bei, na aliyepoteza mtoto au mguu amebaki na maumivu yake chumbani. Ajali ina mashahidi wengi. Kupona hakuna mashahidi.

Na sisi ndio tulitakiwa kulijua hili kuliko wote, maana jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika ile vita ya 1914 hadi 1918. Waafrika walibebeshwa chakula na risasi za vita isiyokuwa yao. Walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi, na wengi hatuyajui hata majina yao. Tunakanyaga ardhi iliyopewa jina la watu waliobeba mizigo wakasahauliwa. Halafu mimi nikamsahau aliyebeba mzigo wangu.

Nilirudia kusoma mfano wa Msamaria Mwema katika Injili ya Luka sura ya 10. Miaka yote nilikuwa naishia pale anaposimama na kufunga majeraha. Kumbe habari haijaisha. Anampandisha mgonjwa kwenye mnyama wake, analala naye nyumba ya wageni, kesho yake analipa, tena anaahidi kulipia gharama zaidi atakaporudi. Atakaporudi! Hicho ndicho kipande nilichokuwa naruka.

Basi Jumapili iliyofuata nilipanda daladala mpaka Buguruni anapoishi yule kaka. Nilikuwa na aibu sana njiani. Nilipofika nikamwomba msamaha, yeye akacheka, akanikaribisha chai. Niligundua kwamba shida yake kubwa siku hizo haikuwa dawa. Ilikuwa nauli ya kwenda kliniki, na upweke. Mchana kutwa wenzake wako kazini, yeye anahesabu mabati. Sasa vijana watano wa VIWAWA tumepanga zamu: mmoja wetu anampeleka kliniki, mwingine anapita Jumatano kupiga stori tu. Si jambo kubwa. Hakuna aliyetupiga picha.

Kijana mwenzangu, katika simu yako kuna jina la mtu uliyemwambia atapona, Mungu ni mwema, kisha hukumtafuta tena. Labda ni aliyepata ajali, labda jirani mwenye saratani, labda mkimbizi kutoka Kongo au Burundi uliyemwona mara moja. Usianze na miaka 67. Anza na wiki ya pili.

Tuombe: Ee Yesu Mwema, wewe hukutuacha baada ya kutuokoa, bali unabaki nasi katika Ekaristi kila siku. Tunakushukuru kwa mtumishi wako Adrian Atiman. Utujalie nasi moyo wa kubaki na wanaoumia, hata pale watu wote wamekwisha kuondoka. Amina.