Jacqueline du Pré: mwanamuziki aliyengoja kujua anaumwa nini

Mtu anaweza kwenda hospitali na ganzi mikononi, miguu isiyo na nguvu au jicho lenye ukungu, akarudi nyumbani bila jibu. Anaambiwa arudi baada ya wiki kadhaa, au aende Iringa, Mbeya, hata Muhimbili kwa kipimo kingine. Siku hizo za kungoja ni ngumu. Usingizi hauji, na majirani kila mmoja ana lake la kusema.

Leo tunawaletea, wasikilizaji wetu wa Nyololo na vijiji jirani, maisha ya mwanamuziki aliyepitia kungoja huko huku jina lake likijulikana duniani kote.

Mtoto aliyesikia redio

Jacqueline du Pré alizaliwa Oxford, Uingereza, tarehe 26 Januari 1945. Alipokuwa na miaka minne hivi alisikia sauti ya chelo redioni, akamwambia mama yake kwamba anataka kitu kama kile. Chelo ni fidla kubwa. Mpigaji hukaa, huibana kwa magoti na kuvuta upinde juu ya nyuzi, kama afanyavyo mpiga zeze.

Mama yake, Iris, alikuwa mpiga piano. Alimtungia binti yake nyimbo ndogo za kujifunzia na kuzichorea picha. Baadaye mtoto alipelekwa kwa mwalimu William Pleeth. Machi 1961, akiwa na miaka 16, alifanya onyesho lake la kwanza kubwa katika ukumbi wa Wigmore Hall, London. Mwaka 1965 alirekodi muziki wa chelo uliotungwa na Edward Elgar, na rekodi hiyo ingali inapigwa redioni mpaka leo. Mwaka 1967 alifunga ndoa na mpiga piano Daniel Barenboim huko Jerusalem, wakawa wanasafiri nchi nyingi wakipiga muziki pamoja.

Vidole vikaanza kukataa

Mwaka 1971 vidole vyake vilianza kupoteza hisia. Akapumzika kazi. Kisha Desemba mwaka huohuo nguvu zikarudi, akaingia studio na kurekodi muziki wa Chopin na Franck. Hiyo ndiyo ikawa rekodi yake ya mwisho ya studio.

Kupata nafuu namna hiyo ndiko kunakomchanganya mgonjwa. Leo ni mzima, kesho mkono haushiki kikombe. Wanaomtazama wanaona anajidekeza, na yeye mwenyewe anaanza kujitilia shaka. Kwa Jacqueline pia hali hiyo ilidhaniwa kuwa ni uchovu na msongo wa mawazo.

Februari 1973 alikwenda New York kupiga maonyesho manne pamoja na mpiga fidla Pinchas Zukerman, chini ya kiongozi Leonard Bernstein. Kufungua sanduku la chelo tu kulimshinda. Hakuweza kupima uzito wa upinde mkononi. Kwa kuwa vidole havikuhisi nyuzi, ilimbidi avitazame kwa macho ajue vimekaa wapi. Alimaliza maonyesho matatu, la nne akashindwa. Hakupiga tena mbele ya watu.

Jibu lilikuja Oktoba 1973, naye ana miaka 28: alikuwa na maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Ilikuwa habari nzito. Hata hivyo ilimaliza shaka moja: hakuwa mvivu, na hakuwa amerukwa na akili. Baada ya hapo alitumia kiti cha magurudumu, akaendelea kufundisha vijana kwa kadiri nguvu zilivyoruhusu. Alifariki London tarehe 19 Oktoba 1987, akiwa na miaka 42.

Kwa nini jibu huchelewa

Katika MS, kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, mfano wa waya wa umeme unaochubuka plastiki yake. Ugonjwa huu hauambukizi, na haukutokana na kurogwa. Huanza zaidi kati ya miaka 20 na 40, na huwapata wanawake wengi kuliko wanaume.

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachousema. Daktari husikiliza historia, hupima nguvu na hisia, huangalia picha ya MRI, pengine na maji ya uti wa mgongo. Kwanza lazima aondoe magonjwa mengine. Kwetu karibu na ikweta MS si ya kawaida sana. Ganzi yaweza kuletwa na kisukari, upungufu wa vitamini B12, VVU, ukoma au kifua kikuu cha mgongo, na mengi ya hayo yana tiba. Kwa hiyo kuitwa kwa kipimo kingine si hukumu.

Wakati unangoja

Andika kila dalili na tarehe yake, hata kwenye simu: ilianza lini, ilidumu siku ngapi, iliisha vipi. Karatasi hiyo humsaidia daktari, nawe hukuondolea mzigo wa kukumbuka kila kitu usiku.

Muulize daktari anatafuta nini na urudi lini. Nenda na ndugu unayemwamini, maana mwenye hofu husikia nusu ya maneno.

Moyo ukienda mbio au usingizi ukikosekana siku nyingi, mwambie mhudumu wa afya. Hofu nayo hutibiwa. Ukiona mawazo ya kujidhuru yanakuja, usikae peke yako. Mwambie mtu na uende kituo cha afya. Jicho likizima ghafla, miguu ikikosa nguvu au mkojo ukigoma, usingoje tarehe uliyopewa. Nenda siku hiyohiyo.

Jacqueline aliugua kabla ya dawa za kupunguza mashambulizi ya MS. Ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1993. Leo zipo kadhaa, na mgonjwa akijulikana mapema ana nafasi ambayo yeye hakuipata. Na kama nyumbani kwako kuna anayengoja majibu, usimwambie ni mawazo tu. Mpe nauli ukiweza, au msindikize mpaka stendi.